Tangazo la Kumwinua Mtu Kitini

Mwandishi wa matangazo ya dharura haliamini tangazo lake mwenyewe mpaka limwinue mtu kitini. Ndiyo maana kila analoliandika ofisini, mvua ziwe karibu au mbali, humsomea kwanza mama mkwe wake kwa simu, kidole kikifuata mstari, sauti kavu kama ya mtu anayesoma bei ya sabuni. Kisha huuliza, "Mama, ukisikia hivyo utafanya nini?" Mama mkwe, anayeishi bondeni kando ya mto, hamumunyi maneno: "Nitaongeza sauti ya redio, nisikie watasema nini tena." Hapo kalamu hufuta. "Wananchi wanashauriwa" ameshaizika mara nyingi kwa namna hiyo.

Leo mto umeanza kupanda kweli, na mkuu wa ofisi amesimama nyuma yake akihimiza tangazo lipelekwe. Mwandishi anapiga simu bondeni. "Maji yatafika bondeni kabla ya jioni. Ondokeni sasa, pandeni shuleni, kule mlimani."

"Nimesikia, mwanangu. Namsubiri mumeo aje kunichukua."

Kalamu inasita juu ya karatasi. Mume yuko ng'ambo ya mto. Na bondeni ni wazazi wangapi wanaomsubiri mtu? Anaongeza mstari mmoja, anausoma polepole: "Usimsubiri mtu aje kukuchukua, atakukuta shuleni."

Simuni kiti kinasikika kikisukumwa nyuma.

"Sasa mbona bado unaongea?" mama mkwe anafoka. "Kata simu, nivae viatu!"