Msusi Aliyeketishwa Mbele

Mama Chiriku alikuwa msusi, na tuelewane mapema: hakuwa mganga, hakuwa mpiga ramli, wala hakuna aliyewahi kumwita nabii kabla ya ile Jumapili nitakayoisema. Alikuwa mjane mwenye kiti kifupi, mfuko wa vitana na nusu ya kibanda cha mabati. Nusu nyingine ilikuwa ya fundi wa kucha, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, ambaye kanisani alikwenda kwenye harusi na misiba tu, na hata huko alikaa karibu na mlango.

Sasa, kama hujawahi kusuka kichwa cha mtu, nikueleze. Mteja huketi chini, amekupa mgongo, kichwa katikati ya magoti yako, na hapo mtakaa mpaka kiuno kikuume. Hamtazamani. Usoni mtu anaweza kukudanganya apendavyo, lakini kisogoni hana pa kujificha. Mwenye huzuni hukaza shingo. Mwenye mawazo nywele humkatika pembeni. Homa inayokuja huwaka utosini kabla mwenyewe hajaisikia. Mikono ya Mama Chiriku iliyasikia hayo yote, na mdomo wake ulijua lini useme na lini unyamaze. Humwambia huyu, mdogo wangu, leo kapumzike. Humwambia yule, dada, pitia zahanati wakakupime presha. Watu walikwenda, wakakuta kweli, na hakuna aliyeona ajabu. Fundi wa kucha alikuwa akisema kwamba mtu ashike kichwa cha mwenzake kutwa nzima asijue kitu, hiyo itakuwa si mikono, ni miiko.

Shughuli ilianza siku alipokuja kusukwa mwimbaji mmoja wa kwaya, mke wa mtu, ndoa ya miaka mingi na mtoto hakuna. Siku zote husinzia akisukwa. Siku hiyo kila alipoguswa na kitana aliruka. Mafuta ya nywele aliyoyapenda akaomba yafunikwe, yanamchafua moyo. Utosi wa moto. Mama Chiriku akainama, akamnong'oneza kwamba aende kupima, anadhani hayuko peke yake. Mwanamke akalia palepale, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Akapima, kweli ni mjamzito. Jumapili akasimama mbele ya kanisa zima, akashuhudia kwamba Bwana alisema naye kwa kinywa cha msusi.

Basi hapo kanisa likawa si kanisa tena, ni vigelegele. Baada ya ibada mchungaji akamwita Mama Chiriku ofisini. Na mchungaji huyo simsemi vibaya, maana alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloniuma. Alimweleza kwa upole kwamba kuna kipaji na kuna karama. Kipaji mtu huzaliwa nacho, hata asiyeamini anacho, nacho huishia kwenye yale ambayo macho na mikono vinaweza kuyafikia. Karama hutoka kwa Roho, hupewa aliyeamini ili awajenge wenzake, nayo huyajua yasiyoweza kujulikana kwa njia nyingine. Ya kwake, alisema, ni karama, tena ile iitwayo neno la maarifa.

Mama Chiriku alijaribu kusema ukweli, namshuhudia kwa hilo. Akaeleza habari ya mafuta, ya kitana, ya utosi. Akasema hata fundi wa kucha, asiyesali, hushika vidole vya mtu akajua kwamba halali usiku. Mchungaji akatabasamu, akamwambia kwamba unyenyekevu nao ni dalili. Ukiambiwa hivyo utajibu nini? Kila unapokana, unazidi kuthibitisha.

Tena, tusidanganyane, alipenda. Miaka yote hiyo alikaa benchi la nyuma kabisa, na watu walimwita yule wa nywele. Sasa akawekewa kiti mbele, akaitwa mtumishi, na akipita akina mama walisimama kumsalimu. Nani angekataa? Akalala akiwaza, huenda mchungaji ndiye anayeona sawa. Hata mikono hii si ameiumba Mungu? Kidogo kidogo akaacha kukana.

Ndipo mchungaji akamshauri aache kibanda. Hakumlazimisha. Alimwambia tu kwamba chombo kilichotengwa hakirudishwi jikoni, na kwamba watu wanaotaka kuombewa wamekuwa wengi mno. Mama Chiriku akampa fundi wa kucha kiti chake na mfuko wa vitana. Fundi wa kucha akavipokea, akamwangalia juu mpaka chini, akasema haya mtumishi, ukichoka mbinguni unajua tulipo. Walicheka wote wawili, lakini yule wa kucha hakucheka sana.

Chumba cha maombi kilikuwa nyuma ya madhabahu: kapeti, meza, viti viwili vya plastiki vinavyotazamana, na dirisha lenye pazia la zambarau. Mtu huingia, hukaa ng'ambo ya meza, magoti pamoja, mkoba mapajani, anauliza, "Mtumishi, unaona nini?" Mama Chiriku hufumba macho. Akangoja. Na hapo, jamani, hapakuwa na kitu. Palikuwa na giza la kope zake tu, na harufu ya kapeti.

Mwanzo aliogopa sana. Alifunga, aliomba, alilia, akimsihi Mungu ampe kile ambacho watu walishaamini kwamba anacho. Halafu akajifunza, kama mtu yeyote anavyojifunza kazi. Humsikiliza mtu pumzi, humwangalia pete inavyozungushwa kidoleni, kisha husema maneno mapana: naona mlango unafunguka, naona machozi yanafutwa. Penye kupatia, watu walishukuru. Penye kukosea, walijilaumu wenyewe kwa imani haba. Jioni alirudi nyumbani kichwa kizito kwa shida za watu, na alichotaka ni ukimya tu.

Na ukimya akaupata, kwa sababu hata Chiriku alikuwa amenyamaza.

Huyu alikuwa mwanawe wa pekee, na jina hilo alipachikwa mwenyewe kabla hajatimiza miaka mitatu, kwa kusema tangu akiamka mpaka anasinzia. Alikuwa msichana mkubwa sasa, anafanya kazi kwenye duka la fotokopi. Zamani kila Jumapili mchana mama alimfumua na kumsuka upya, na Chiriku huko chini magotini alimwaga habari zote za wiki: bosi wake anayeficha maandazi kwenye droo, mzee aliyekataa cheti chake kisitolewe nakala mara mbili, eti wino utapungua. Mama alicheka mpaka mistari ikapinda. Tangu awe mtumishi, Jumapili mchana kulikuwa na foleni ya watu mlangoni kwa maombi. Akamwambia mtoto aende akasukwe kibandani. Baadaye Chiriku akaanza kuvaa kilemba, hata ndani ya nyumba.

Mama akaona ni sawa, mtoto amekua, ametulia. Chiriku alipunguza kula. Mezani alikaa akimwangalia mama yake usoni, anamwangalia tu, mpaka mama akamwuliza kuna nini. Akajibu hakuna. Mama akafurahi moyoni, akidhani mtoto naye ameanza kumheshimu kama watu wengine. Mungu amsamehe, na mimi nimsamehe.

Siku moja asubuhi Chiriku alianguka dukani, mbele ya mashine. Bosi wake akamchukua mpaka hospitali, akamwita mama. Daktari, msichana mdogo tu, alikwisha kumvua kilemba. Akamwuliza mama uvimbe huu una muda gani. Mama akauliza uvimbe upi. Daktari akamshika mkono, akauweka nyuma ya sikio la Chiriku, akaushusha taratibu kufuata shingo hadi begani.

Palikuwa na tezi zimejipanga hapo, ngumu, hazisogei. Vidole vikamwambia palepale, havikungoja ufunuo: hili si la wiki, si la mwezi. Chiriku angeketi magotini pake Jumapili moja tu tangu lilipoanza, angelikuta. Akakaa sakafuni.

Ilikuwa saratani, na walichelewa. Daktari hakumlaumu, alisema watajaribu dawa, lakini wangekuja mapema lingekuwa jambo jingine kabisa. Dawa zikaanza, zikamtoa Chiriku nywele zote, zikamdhoofisha, na uvimbe ukabaki mahali pake.

Fundi wa kucha akaja wodini na chupa ya uji, akashindwa hata kuumimina. Alimvuta Mama Chiriku kwenye veranda, na mdomo ule usio na breki ukakwama. Mwishowe akasema. Uvimbe aliujua. Alikuwa ameugusa siku ya kwanza tu alipomsuka mtoto kibandani, ukiwa mdogo kama punje ya harage. Mara kadhaa alitaka kumfuata mama nyumbani, kila mara akajirudi. Yeye, mpaka rangi wa kucha, amfuate mtumishi wa Mungu amfundishe habari za mwanawe mwenyewe? Mtu anayeonyeshwa ya watu wa mtaa wa saba? Akasema moyoni, mama anajua, wanalishughulikia kwa maombi, usijitie. Alilia akiomba radhi. Mama Chiriku hakuweza kumkasirikia. Alimshikilia tu, na wote wawili wakalia, wagonjwa wanapita na ndoo zao za maji.

Aliporudi kitandani Chiriku alikuwa macho. Pengine aliwasikia, dirisha lilikuwa wazi. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Mama, si ulikuwa unajua?"

Mama akamvutia shuka kifuani.

"Ulikuwa unawaambia watu magonjwa yao hata hawajakaa vizuri kwenye kiti," Chiriku akasema. "Nikajua mimi umeshaniona. Kila siku nakuangalia, nasubiri useme. Hukusema. Nikaona labda Mungu amekwambia hakuna la kufanya, na wewe unanionea huruma. Ndiyo maana sikwenda hospitali."

Hapo Mama Chiriku angeweza kusema ndiyo. Wangemsifu kanisani, kwamba alibeba siri ya Bwana kwa uvumilivu. Lakini mtoto angekufa akijua kwamba mama yake alimtazama akiteketea na akanyamaza. Na akisema hapana, basi wale wote waliokaa ng'ambo ya meza ile aliwadanganya, na yeye mwenyewe akajidanganya wa kwanza. Hakufikiri muda mrefu.

"Sikujua, mwanangu. Sioni kitu, sijawahi kuona kitu. Nilikuwa najua watu kwa kuwashika, na wewe niliacha kukushika."

Chiriku aliangalia dari. Machozi yalimtiririka kuelekea masikioni, asiyafute.

"Basi nilikuwa nakuchukia bure," akasema.

Mama akapanda kitandani, kile kitanda chembamba cha hospitali, akamlaza kifuani na kumwomba amweleze yote, kama mtu ambaye hajui lolote. Na Chiriku akasema. Alianzia siku alipogusa kile kivimbe akichana nywele, akafuatisha majasho ya usiku, suruali zilizomlegea, jinsi alivyojifunza kufunga kilemba kwa kuangalia wateja wa dukani. Akasema jinsi alivyoogopa. Alisema mchana kutwa, akipumzika na kuanza tena, muuguzi akaja na kuondoka mara mbili bila kuwaingilia. Mama aliuliza maswali yote aliyopaswa kuuliza mapema. Wiki ile ile, siku ya Alhamisi, Chiriku alifariki, mkono wa mama ukiwa shingoni mwake.

Msiba ulijaa watu. Waliokuwa wakija kuombewa walikuja wote, na kila mmoja alimshika Mama Chiriku mkono na kumwambia kwamba Bwana hufanya yote vema, na kwamba bila shaka yeye aliandaliwa. Aliyachukua maneno hayo kwa wengi, amechoka, anaitikia kwa kichwa. Lakini mchungaji alipokaa kwenye mkeka karibu naye, naye macho mekundu kwa kulia, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba anajua karama ile ilikuwa mzigo, kwamba lazima Bwana alimwonyesha mapema, asingemficha yeye jambo la nyumbani mwake.

Mama Chiriku akamgeukia. Hakupandisha sauti, lakini akina mama waliokuwa karibu walisikia.

"Baba mchungaji, sikuonyeshwa. Mtoto alikaa mbele yangu mezani kila jioni, ananitazama, anangoja nimwone. Mimi nilikuwa nimefumba macho, naomba nionyeshwe watoto wa watu."

Mchungaji akavua miwani, akaishika mikononi, wakakaa hivyo wote wawili mpaka watu wa jeneza walipokuja kuuliza kama waanze.