Michango Mia Moja na Kumi na Miwili

Mimi nina duka la kutoa kopi, na watu wa mtaa wetu hawana siri kwangu. Vyeti vyao vya ndoa, barua zao za kuachishwa kazi, picha za pasipoti wakiwa wametoa macho utadhani wameitwa polisi, vyote vimepita mikononi mwangu. Lakini katika wateja wote, ambaye mpaka leo nikimwona moyo unaniuma ni mzee mmoja tunayemwita Karani.

Karani alistaafu kwenye ghala la nafaka. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na ubao mkononi, wachukuzi wakipita na magunia mgongoni, yeye anapiga vijistari: vinne vya kusimama, cha tano kinavikata. Ndani ya gunia mna mahindi au mna mchanga, hilo halikuwa juu yake. Hesabu yake haikuwahi kupishana na ya ghalani hata gunia moja, na sifa hiyo alitembea nayo kifua mbele.

Alipostaafu akakosa cha kuhesabu. Mkewe alishafariki, watoto wako mbali, nyumba kimya. Siku moja akaniuliza, "Binti, hivi Bunge si lina tovuti yake?" Nikamfungulia. Kila mbunge ana ukurasa wake: picha yake, vikao alivyohudhuria, maswali aliyouliza, na michango aliyotoa ukumbini, yaani mara ngapi amesimama akasema kitu. Mzee alivuta kiti bila kukaribishwa. Tangu hapo, kila Jumatatu kabla sijafagia nilimkuta kizingitini na daftari lake kubwa.

"Nitolee ya Mheshimiwa wetu."

Namtolea karatasi moja, anachomoa kalamu mfukoni, anapiga vijistari palepale kaunta wateja wengine wakimsubiri asogee. Nilimtania sana. "Mzee wangu, wenzako wanalea wajukuu, wewe unalea mbunge."

"Wajukuu wana wazazi wa kuwaangalia," akanijibu. "Huyu nani anamwangalia?"

Nisijifanye mwerevu sasa. Mimi ndiye niliyeshika kipanya. Chini ya kila namba palikuwa na maandishi madogo ya buluu, ukibonyeza unasoma mbunge alisema nini hasa, na miaka yote hiyo hatukubonyeza. Yeye alitaka namba, mimi nilitaka asogee.

Ukaja mwaka wa uchaguzi. Mheshimiwa alikuwa na mpinzani mmoja wa maana, muuguzi mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa huu, na watu wengi walishaanza kumwelekea yule mama. Karani akaniletea karatasi aliyoipiga mistari kwa rula. Aliorodhesha wabunge sita wa majimbo yanayopakana na letu, na mbele ya kila mmoja idadi ya michango yake. Mmoja kumi na minne, mwingine ishirini na miwili, aliyejitahidi sana arobaini. Wetu mia moja na kumi na miwili.

"Ikuze, uibandike kwenye kioo chako," akaniambia. "Watu wachague kwa ushahidi, wasichague kwa porojo."

Nikaikuza, nikaibandika. Sikumtoza kitu, maana hata mimi niliona fahari. Watu walisimama pale kioo kikaingia ukungu wa pumzi zao. Kinyozi wa jirani alimwacha mteja na povu kidevuni akaja kujisomea, akarudi akitikisa kichwa: "Kumbe jamaa anachapa kazi!" Siku ya tatu vijana wa kampeni wakaja kuipiga picha, na wiki haikuisha bango kubwa likasimama njia panda, uso wa Mheshimiwa na namba 112, chini yake maneno "Hesabu ya mwananchi mwenyewe." Mheshimiwa alishuka garini kumpa Karani mkono mbele za watu. Nadhani mzee hakunawa mkono ule mpaka Ijumaa.

Akashinda kwa kura mia tatu na kitu. Jimbo zima, kura mia tatu.

Sasa nimtaje dada yake Karani. Tunamwita Mama Sare, kwa kuwa yeye ndiye anayeshona sare za shule za mtaa mzima. Mama yao alifariki Karani akiwa na miaka minne, na huyu dada mwenye kumi na mmoja ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamsomesha kwa sindano na uzi. Hakuolewa, hakuzaa. Alichonacho duniani ni nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga mwenyewe kidogo kidogo, na baraza inayotazama barabara kuu, ambako cherehani yake hukaa mchana kutwa ili wapita njia waione. Pale pale ndipo anapopatia riziki.

Mwaka wa pili baada ya uchaguzi, Serikali ikapeleka bungeni muswada wa barabara. Hifadhi ipanuliwe kutoka mita kumi na tano hadi mita arobaini kila upande, na aliyemo ndani abomoe mwenyewe bila fidia. Tulikwenda kupima, mimi, Karani na Mama Sare, kwa utepe wake wa kushonea, tukiuhamisha na kuuhamisha kwenye vumbi huku madereva wakitupigia honi. Kutoka barabarani hadi baraza yake, mita ishirini na sita.

Mama Sare aliukunja utepe akautia mfukoni.

"Usiwe na hofu, Dada," Karani akamwambia. "Majimbo mengine ndiyo yaogope. Sisi tuna mtu anayesema."

Akaenda ofisi ya mbunge. Akaketi kwenye benchi siku mbili, ya tatu msaidizi akamwita ndani akamwambia Mheshimiwa analijua suala hilo na analifanyia kazi usiku na mchana. Mzee alirudi mwepesi kama kijana. Mimi nilikuwa na wasiwasi, lakini wasiwasi wangu ningeuweka wapi?

Siku ya kura tulisikiliza redio dukani. Nilifunga mlango nusu. Mama Sare alikuja na suruali ya mtoto ya kupinda, akawa anapinda huku anasikiliza. Waziri alisoma, wakajadili, tukamsubiri Mheshimiwa wetu mchana kutwa. Hatimaye Spika akasema wanaoafiki waseme ndiyo. Ndiyo ile ilitikisa redio yangu. Wasioafiki waseme siyo. Zikasikika sauti chache, za kukohoakohoa. Spika akasema nadhani walioafiki wameshinda, wakapiga meza, wakahamia muswada mwingine.

"Alisema siyo," Karani akasema. "Nimemsikia."

Mama Sare alimtazama mdogo wake, akakata uzi kwa meno, akaenda zake.

Jioni ile rekodi iliwekwa kwenye mtandao, na mzee akaniomba nimtafutie ile sehemu ya siyo. Ni sekunde mbili. Nilimrudishia mara ishirini na kitu, sikio amelibandika kwenye spika ya kompyuta. Mara amsikie, mara asimsikie. "Hii hapa, nzito hii, ni yake. Rudisha. Hapana, rudisha." Kura za namna ile haziandikwi nani kasema nini, unabaki na kelele tu. Nilitaka kumfokea na nilitaka kulia, vyote kwa pamoja. Nilimwambia, "Mzee, nenda kapumzike."

Jumatatu akaja. Nikafungua ukurasa. Michango ya Mheshimiwa ilikuwa imepanda, sasa mia moja thelathini na mitano, na mmoja ulikuwa wa siku ile ile ya muswada wa barabara.

"Umeona?" akasema, uso umechangamka. "Alisimama! Sisi hatukumsikia tu." Kisha, kwa mara ya kwanza toka nimjue, akasema, "Hebu fungua tumsome."

Nikabonyeza. Ukafunguka mstari mmoja. Waziri ametoa hoja ya kuongeza hifadhi ya barabara, na hoja hujadiliwa tu mwenyewe akipata mwenzake wa kumwunga mkono. Aliyesimama kumwunga mkono ni Mheshimiwa wetu. Mchango wake wote ulikuwa neno moja: "Naafiki."

Redioni neno hilo lilimezwa na vishindo vya wabunge kukaa na kusimama. Kwenye maandishi lilikuwa safi kabisa.

Mzee alisogeza kiti karibu na kompyuta. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Fungua na mingine."

Nikafungua. Naafiki. Naafiki. Naafiki. Kila waziri akitoa hoja, Mheshimiwa wetu ndiye wa kwanza kusimama, na kila kusimama mtandao ulimhesabia mchango. Hoja ya kodi ya mbegu, naafiki. Hoja ya kupunguza walimu wa muda, naafiki. Kuna siku alisema zaidi ya neno moja: aliomba kipaza sauti chake kitengenezwe. Nyingine alipongeza timu ya mpira. Nyingine alitoa pole kwa mbunge aliyefiwa. Mingine yote lile neno moja, miaka sita. Nilihesabu mpaka sitini nikachoka. Yeye aliendelea kimoyomoyo, midomo ikicheza, mpaka mwisho. Kisha akafunga daftari lake bila kupiga kijistari, akasahau kalamu kaunta.

Nilidhani amekufa moyo. Lakini Jumamosi Mheshimiwa alifanya mkutano kwenye uwanja wa shule, na Karani akaja kuniomba nimtolee kopi za yale yote, kurasa tisini na kitu. Nikamtolea. Nikafunga duka nikaenda naye, maana nilitaka kumwona yule mtu anavyogeuka rangi.

Hakugeuka rangi yoyote. Mzee aliponyoosha mkono na rundo lake la karatasi, Mheshimiwa alimwona kabla hajaruhusiwa kusema, akaangua kicheko cha furaha. "Jamani, huyu ndiye shahidi wangu! Huyu ndiye aliyenihesabia! Mpigieni makofi mzee wetu!" Uwanja ukalipuka. Vijana wa kofia na fulana wakamwendea, wakamwinua, mmoja akampokea zile karatasi kwa adabu zote kama mtu anayempokea mzee mzigo. Karani alifungua mdomo. Nilimwona akisema, niliona midomo yake ikitamka neno lile lile moja, ila kipaza sauti kilikuwa jukwaani na ngoma ilishaanza. Nilipiga kelele mimi. Mama mmoja mbele yangu akageuka akaniambia nipunguze, hasikii hotuba.

Karatasi hatukuziona tena. Ningeweza kuzitoa nyingine, nilimwambia hivyo. Tuzipeleke wapi, akaniuliza. Sheria imeshapita. Uchaguzi uko mbali miaka mitatu. Tumlalamikie nani, kwa kosa gani? Mtu alisimama, akasema, akahesabiwa.

Wapimaji walikuja mwezi uliofuata, wakapiga alama nyekundu ukutani, karibu kabisa na cherehani. Wakampa siku ishirini na moja. Mama Sare alikwenda ofisi ya mtaa, akaambiwa aende wilayani. Wilayani wakamwambia jambo hili ni la Bunge, amwone mbunge wake. Alinihadithia akicheka, kicheko kikavu. Nilimtukana yule mbunge matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, na haikusaidia.

Siku mbili kabla ya muda kuisha tukaenda kuivunja wenyewe, kuokoa mabati, milango na madirisha kabla tingatinga halijayasaga. Ilikuwa asubuhi, jua limeshaanza kuchoma. Karani alikuwa ndiye anayefungua skrubu za bawaba za mlango wa mbele, na skrubu zilikuwa zimeliwa na kutu. Hakuwa amemtazama dada yake usoni tangu alama ile ipigwe. Mimi nilikuwa nabeba fremu ya dirisha nikasikia anasema, bila kugeuka:

"Dada, unisamehe. Mimi ndiye niliyempeleka kule Bungeni."

Mama Sare alikuwa ameshikilia mlango upande wa pili, mikono yote miwili, usije ukamwangukia mdogo wake. Aliuegemeza zaidi kwake, skrubu moja ikatoka.

"Hukumpeleka peke yako," akasema. "Ile karatasi yako nilitembea nayo. Watu wa kumchagua yule muuguzi walikuwa wengi, na wengi ni wateja wangu. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, jioni, wiki mbili nzima. Niliwaambia mdogo wangu akihesabu hakosei."

Karani alisimamisha mkono. Nilijua idadi ya nyumba za wateja wake. Daftari la vipimo vyao nililitolea kopi mimi mwenyewe. Ni zaidi ya mia mbili, na kila nyumba haikosi watu wazima wawili, na Mheshimiwa alipita kwa kura mia tatu na kitu.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Nilitaka ufurahie hesabu yako," Mama Sare akasema. "Fungua hiyo ya chini, mikono imeanza kuchoka."

Karani akapiga magoti, akaanza kuifungua ile ya chini.