Mkono Wake Mgongoni Mwangu

Mimi ni fundi wa nguo pale Nyaramba, na fundi wa nguo huwajua watu kwa mabega. Uso unaweza kudanganya, bega haliwezi. Mteja akiingia anacheka huku bega moja limelala, najua ana jambo, hata kama amekuja kushonewa nguo ya harusi. Kwa hiyo mume wangu aliporudi kutoka hospitalini baada ya kiharusi, sikuhitaji kuelezwa mengi. Koti nililomshonea kwa mikono yangu lilikuwa limeinama upande wa kulia, na mkono wa koti ulikuwa umeshuka hadi kwenye vidole.

Daktari alisema tumshukuru Mungu, kiharusi chenyewe kilikuwa kidogo. Nilimshukuru. Lakini lazima mjue mtu huyu alikuwa nani. Alikuwa karani wa kupima majani ya chai kwenye kituo chetu mpaka alipostaafu, na kwa sababu yake wakulima walikuwa wakichelewa kufika nyumbani. Alipenda kuzungumza, na alipenda kutia chumvi. Paka-mwitu akionekana kwenye chai asubuhi, kufikia jioni mdomoni mwake alikuwa ni chui, na chui mwenyewe alikuwa amemwamkia. Watu walijua anaongeza. Walikaa tu, wakageuza vikapu chini wakavikalia, wakasikiliza.

Sasa mdomo ulikuwa umeenda upande na maneno yalikuwa yamemkimbia. Kigusii, lugha yetu ya nyumbani, ndicho kilichoanza kurudi, tena kwa vipande. Kiswahili, alichokuwa akiwachangamkia nacho wageni wa kiwanda cha chai, kilikuwa kimepotea kabisa. Akisikia mtu anabisha hodi, alichukua redio yake akaingia nayo chumbani. Ndugu yake mdogo, ambaye boma lake limepakana na letu, alikuja kumwamkia kila jioni, akawa anaongea na mimi na mlango uliofungwa.

Sikuogopa kifo tena, kifo kilikuwa kimetupitia mlangoni kikaenda zake. Niliogopa kwamba mume wangu atakuwa hai miaka mingine mingi na asirudi kwa watu. Mimi ningekuwa na mtu wa kumlisha na kumfulia, lakini yule niliyeolewa naye angekuwa amekwenda. Hilo lilinikosesha raha hata nikawa nakata vitambaa vya watu vibaya.

Msichana aliyekuwa akimnyoosha mguu hospitalini ndiye aliyetuambia habari ya dansi. Alikuwa mtoto wa Nakuru, mchangamfu, na Jumapili alasiri alikuwa akifundisha dansi mjini Kisii, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la mabati na misumari. Si dansi ya kurukaruka. Ni ile ya mwanamume na mwanamke kushikana na kuzunguka taratibu, moja, mbili, tatu.

"Baba, ukicheza, mguu na jicho na sikio vinafanya kazi pamoja," alimwambia mume wangu. "Kutembea peke yako uwanjani kutakuchosha. Hii haitakuchosha."

Mimi nilicheka. Kwetu mtu na mkewe wanaweza kulea watoto saba bila jirani hata mmoja kuwaona wameshikana mikono. Tukienda kanisani yeye yuko mbele, mimi nyuma, maana ndivyo njia zetu za milimani zilivyo na ndivyo tulivyozoea. Mgongo wake naufahamu hata naweza kumkatia shati bila kumpima. Lakini mume wangu hakucheka. Alimwangalia yule msichana, akatikisa kichwa kukubali, na kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kukubali jambo lolote tangu augue, nilifunga mdomo wangu.

Shemeji yangu, yaani huyo ndugu yake, ni mzee wa kanisa la Sabato, ambako dansi ni dhambi, na hana mchezo. Jumapili ya kwanza alitukuta barabarani tukingoja gari.

"Mnaenda wapi mmevaa hivyo?"

"Mazoezi ya mguu," nikasema.

"Na viatu vimepakwa rangi namna hiyo?"

"Mguu nao unapenda heshima, shemeji."

Usilolijua ni usiku wa giza. Pale ukumbini mwalimu, yule msichana wa hospitalini, aliuchukua mkono wa kulia wa mume wangu akauweka mgongoni mwangu, chini kidogo ya bega. Ulikuwa mzito na baridi, kama gunia dogo la unga ambalo mtu amelisahau hapo. Halafu akaniambia mimi nirudi nyuma. Kurudi nyuma! Nilirudi hatua moja, ya pili nikamsukuma mume wangu hadi ukutani.

"Mama, unaendesha," mwalimu akasema. "Mwache baba aendeshe."

"Mwalimu, nyumbani kwangu kila mtu anajua mimi naendesha."

Watu wakacheka, na mume wangu akatoa pumzi puani kwa namna ambayo nilijua ni kicheko. Tulikuwa tumesimama uso kwa uso, karibu sana, na sikuwa na mahali pengine pa kuangalia. Kope zake zilikuwa zimeanza kuota mvi. Nilishangaa, kisha nikaona haya kwamba naona haya mbele ya mume wangu mwenyewe.

Tuliendelea kwenda. Nilishona gauni la kitambaa chepesi kwa ajili hiyo tu, nikimwambia kila anayeuliza kuwa ni la joto, na Kisii joto lenyewe ni la kutafuta. Kupitia kitambaa hicho nilianza kuhisi mabadiliko. Jumapili moja nilihisi kidole gumba kimekaza. Baadaye vidole vingine vikafuata, kimoja leo, kimoja siku nyingine, mpaka ule mkono ukaanza kunizungumzia: twende, ngoja, geuka. Nyumbani akaanza kujifunga vifungo. Akawa analala usingizi wa kweli, na akiamka anadai chakula. Nilikuwa nimepunguza mkono wa koti lake, ikabidi niufumue niurefushe tena kwa sababu bega lilikuwa limepanda. Hata mgongo wangu, ambao cherehani imeukunja miaka yote, ulinyooka, na presha yangu ikashuka mpaka nesi wa zahanati akanipima mara ya pili.

Kila kitu kilikuwa kinarudi isipokuwa maneno. Pale ukumbini alitikisa kichwa, aliinua mkono, lakini mdomo hakuufungua mbele ya watu. Redio nayo iliendelea kukimbilia chumbani.

Ndipo walipoingia wakwe zetu.

Binti yetu ameolewa Suneka. Mama mkwe wake ana sukari, naye alikuwa ameambiwa na yule yule msichana wa hospitalini kwamba dansi itamfaa. Basi Jumapili moja mlango ukafunguliwa, na hao wakasimama mlangoni, baba na mama wa mume wa binti yangu, wamevaa vizuri, wakatuona. Sijui nani alitaka kukimbia zaidi. Kwetu wazazi wa pande mbili wana heshima ya kuogopana, tunaiita ensoni. Sina ruhusa ya kumshika mkono yule baba, wala kutaniana naye, wala kukaa naye kiti kimoja. Nikikutana naye sokoni Suneka namwamkia kutoka ng'ambo ya barabara huku nikiangalia viatu vyangu mwenyewe. Na sasa huyo mtu anaingia mahali ambapo mimi nimeshikwa mgongoni.

Tulisalimiana kwa mbali. Bila kusemezana tukagawana ukumbi: sisi upande wa dirisha, wao upande wa mlango. Tulicheza hivyo Jumapili kadhaa, kila mtu akichunga mpaka wake, na mambo yalikwenda salama. Mwalimu hakuona lolote. Angeonaje, naye si wa huku?

Kisha siku moja akapiga makofi. "Leo mmekomaa. Wanaume wabaki mahali pao, akina mama wasogee kwa mwanamume anayefuata. Mwili usizoee mtu mmoja."

Nilitazama aliyefuata. Ukumbi ule ulikuwa mdogo, na kuzunguka kote kwa siku hiyo kulikuwa kumetuleta karibu na mlango. Aliyefuata alikuwa mkwe wangu. Alikuwa amesimama mikono ameibana ubavuni kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, anaangalia dari. Mkewe alikuwa amejifunika mdomo kwa leso.

"Mama, sogea," mwalimu akasema, akitabasamu.

Sikusogea. Ningeeleza vipi mbele ya watu wote, tena yeye mwenyewe akisikia? Nikisema hapana bila sababu, nitakuwa nimemtukana mkwe, na binti yangu ataulizwa. Tukitoka, najua mume wangu hatarudi hapa tena. Angefika nyumbani achukue redio yake, na safari hiyo nisingekuwa na dansi nyingine ya kumtafutia. Nilianza kuvuta pumzi ili niseme naumwa na tumbo.

Mkono wake haukuondoka mgongoni mwangu. Badala yake ukakaza.

"Mwalimu," akasema.

Ukumbi wote ukamgeukia. Wengine hawakuwa wamewahi kuisikia sauti yake. Mdomo ulienda upande, ukatafuta, ukarudi. Nilitaka kumsaidia neno, lakini sikujua alikuwa akitafuta lipi.

"Huyu," akasema kwa Kiswahili, kile kilichokuwa kimepotea. "Huyu wangu..." Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. "Huyu wangu sipeani."

Mwalimu aliweka mkono kifuani. Yeye alijua neno hilo limetoka umbali gani. Mimi nilitazama vifungo vya shati la mume wangu kwa sababu machozi yalikuwa yamejaa, na nilikuwa na hasira naye pia, kwa kunifanya nilie mbele ya wakwe.

Mkwe wangu alikohoa kidogo. Akasema, akiwa bado anaangalia dari, "Hata mimi wangu sipeani, mwalimu."

Basi kicheko kikalipuka, na kwa kuwa tulicheka sote kwa pamoja, hakuna heshima iliyovunjika. Mwalimu akasema sawa, leo hakuna kupeana, kila mtu na wake. Baadaye mama mmoja alimwelezea pembeni habari ya ensoni, naye mwalimu akatujia ameshika mashavu, anaomba msamaha. Mume wangu akampungia mkono, ule wa kulia.

Kesho yake jioni shemeji akaja kama kawaida. Nilikuwa jikoni nachemsha chai. Nilisikia hodi, nikangoja kusikia mlango wa chumba ukifungwa. Haukufungwa. Nilipotoka na birika, nilimkuta mume wangu bado ameketi kwenye benchi la barazani, na ndugu yake ameketi kando yake kwa hadhari, kama anayeogopa kumfukuza ndege.

"Jana," mume wangu akasema kwa Kigusii, polepole, "tulikuwa kwenye dansi."

Nilifumba macho. Mzee wa kanisa akauliza, "Kwenye nini?"

"Dansi. Wakataka kunipa mwanamke mwingine." Akapumzika, akalitafuta neno, akalipata. "Huyu shemeji yako akanishika shati. Akalia. Akapiga kelele mbele ya wakwe: huyu sipeani! Wakaja watu watatu kumtoa. Wakashindwa."

Shemeji alinitazama kwa mshangao, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani akajifuta machozi. Mume wangu akamngoja amalize, kwa sababu hadithi ilikuwa bado inaendelea. Ningeweza kusema ukweli pale pale, nami si mtu wa kuachia neno. Nilisimama mlangoni na birika mkononi, nikimsikiliza mume wangu akinisingizia, na sikukumbuka kumimina chai.