Hapana Kabisa

Hospitali ilitangaza, kwa herufi kubwa na kwa uzito unaostahili, kwamba mfumo wake wa miadi umevuka hatua ya majaribio, na kwamba kuanzia siku hiyo kila mgonjwa ataletewa tarehe yake kwenye simu yake mwenyewe, bila kusahauliwa hata mmoja. Tangazo likabandikwa getini, likavishwa nailoni lisilowe.

Fundi aliyeujenga mfumo huo wenzake humwita Bi Mipangilio, kwa kuwa ana dini moja tu: mipangilio isizikwe ndani ya programu. Ikae nje, kwenye faili lake, ili mambo yakigeuka ugeuze neno moja, uuwashe mfumo upya, yaishe. Kiunzi alichojengea, yaani ule mfupa wa programu ambao mafundi hupachika kazi zao juu yake, hulisoma faili hilo mara moja tu, kinapoamka. Baada ya hapo hata ukikipigia magoti, hakikusikii.

Mstari mmoja ulihusu majaribio. Ukiwa na neno lolote, ujumbe wote uliishia kwenye simu moja ya ofisini. Ukiwa mtupu, kila ujumbe ulikwenda kwa mwenyewe. Neno lolote, liwe lipi. Aliuandika hivyo kwa haraka, akijiambia atarekebisha baadaye.

Siku ya uzinduzi, Mkurugenzi alitaka kuuhariri mstari huo kwa mkono wake.

"Futa tu hilo neno, Bosi, uache patupu."

"Patupu? Hawa waandishi wa habari waje na kamera zao wapige picha ya patupu?"

"Bosi, ukiandika chochote..."

"Sogea kidogo, mdogo wangu, unaziba kamera."

Akasogezwa hadi mlangoni, akasikia makofi. Kesho yake faili lilikuwa limefungwa kwa agizo: lisiguswe bila idhini ya kamati. Alipouliza kama neno lilifutwa, alijibiwa kwamba limeshughulikiwa.

Kisha akapigiwa simu na shangazi yake, aliyemlea, na aliyekuwa akingoja tarehe ya kupasuliwa macho.

"Mwanangu, huo mfumo wako unanibagua?"

"Ujumbe umetumwa, shangazi. Naona hapa."

"Umetumwa kwa nani? Mimi nina simu moja na jicho nusu, na vyote viko macho."

Bi Mipangilio akalifungua faili, idhini au bila idhini. Kwenye mstari wa majaribio paliandikwa: HAPANA KABISA.

Aliingia kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi. Ile simu ya ofisini ilikuwa ikitetemeka ndani ya droo ya meza yake.

"Uliandika nini pale?"

"Hapana. Hulijui neno hapana?"

"Mimi nalijua! Mfumo haulijui! Kwake kila neno ni ndiyo. Hapana kabisa yako ni ndiyo kabisa! Watu wanangoja, tarehe zao zinanguruma humo drooni mwako!"

"Punguza sauti. Mfumo usiojua hapana hauna adabu. Nani aliulea?"

Hilo lilimkata. Hasira ikatafuta pa kutua, ikarudi nyumbani kwake.

"Mimi," alisema. "Na sasa nakwenda kuurekebisha."

"Subiri kamati ikae."

"Itakaa wapi? Hata haijaundwa!"

Akafuta maneno yote mawili, akavibonyeza vitufe kama anayeponda nzi, akauwasha mfumo upya. Droo ikanyamaza. Huko nje simu za watu zikaanza kulia.

Ya shangazi haikulia. Tarehe yake ilikuwa imepita juzi, na kwa taratibu za hospitali, mgonjwa asiyefika bila kutoa neno huhesabiwa amekataa matibabu, akarudishwa mkiani mwa foleni.

Fundi alipewa onyo kwa kugusa faili bila idhini. Tangazo bado liko getini, halijalowa. Shangazi akija kuulizia tarehe mpya, mlinzi humsomea hilo.