Neno Ambalo Baba Hakuliweka

Baba alinipigia simu kunijulisha kwamba akili yake imekwisha. Aliisema habari hiyo kama mtu anayeeleza bati lililong'oka: "Mwanangu, kichwa changu hakifanyi kazi tena. Njoo kabla sijakusahau na wewe."

Wakati huo nilikuwa Pemba, ile ya Msumbiji, naandika stakabadhi katika duka la vifaa vya ujenzi. Niliomba ruhusa nikaenda nyumbani, Mocímboa da Praia. Njia nzima nilimfikiria yeye. Sikumfikiria kaka hata kidogo, na kaka ndiye aliyekuwa anaishi naye.

Baba alikuwa karani wa bandarini. Kila gunia na kila pipa lililoshuka pale lilipita kwenye kalamu yake. Vita vilipotutoa nyumbani tukakimbilia Pemba kwa jamaa, na mama akafia hukohuko. Baba akabaki hana mke, hana bandari, amekaa kwenye mkeka wa watu. Nikampa kompyuta kuukuu niliyoinunua kazini kwetu. Ndani yake mlikuwa na programu ya kuandika mapato na matumizi ya nyumba. Nilidhani ataichoka baada ya siku chache. Haikuwa hivyo. Aliandika sabuni, aliandika nauli, aliandika sanda ya mama. Aliporudi Mocímboa, mimi nikabaki kazini Pemba, alirudi na kompyuta yake ameipakata, na kila alasiri akishaswali aliketi nayo barazani, kanzu safi, miwani puani, na majirani wakajua kwamba mzee yuko ofisini asisumbuliwe.

Kaka alirudi nyuma yake. Ni mkubwa wangu kwa miaka mingi. Alikuwa Nampula, ana kibanda sokoni cha kutengeneza simu na kompyuta. Kibanda kikafa, mke akaondoka, naye akaja na begi moja kukaa chumba cha nyuma cha nyumba ya baba.

Nilipofika nilimkuta baba palepale barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuinua macho. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na kidirisha kidogo kinachoomba senha, lile neno la siri. Baba akaandika kitu kwa kidole kimoja, polepole, akabonyeza. Yakatokea maandishi mekundu: neno si sahihi, faili haliwezi kufunguliwa.

"Nimejaribu jina la mama yenu," alisema. "Nimejaribu lako. Nimejaribu mwaka nilioanza kazi. Leo nilitaka kujaribu jina la bibi yako, mama yangu mzazi, nikashindwa kukumbuka linavyoandikwa."

"Kwani uliweka senha, baba?"

"Kaka yako anasema niliweka."

"Wewe unakumbuka kuiweka?"

"Ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Sikumbuki."

Kaka akatoka ndani na kikombe cha chai, akanikaribisha, akakaa ubavuni kwa baba. "Leo vipi, mzee? Limekuja?"

"Bado."

"Fikiri. Ni neno lako mwenyewe, halijatoka kwa jirani. Fikiri taratibu."

Alisema kwa upole mpaka nikashukuru moyoni kwamba baba ana mtu wa kumvumilia. Muda si mrefu wakapita wanawake wawili wanatoka kuchota maji, na kaka akawapigia kelele: "Njooni mumsaidie mzee wangu! Amefunga mlango kisha akameza ufunguo!" Wale wanawake wakacheka. Baba naye akacheka, kicheko kifupi cha mtu anayeomba asichukiwe.

Jioni ile niliona yaliyobaki. Baba aliswali magharibi, akatoa salamu, akageuka kuniuliza kama amemaliza rakaa zote. Alinionyesha mfuko wa kanzu ulio mtupu: kadi ya benki amempa kaka. Kodi ya vyumba viwili vya mbele alivyopangisha sasa anapokea kaka. "Mtu asiyekumbuka neno lake mwenyewe atashika kadi kwa akili gani?" alisema. Alikuwa hajasahau kitu kingine chochote. Alinitajia bei ya saruji ya mwezi uliopita, akanitajia na jina la nahodha aliyewahi kumdanganya idadi ya magunia mimi sijazaliwa. Lakini haya yote hayakumtuliza tena. Neno moja lilikuwa limemshinda, basi alijiona ameshindwa na maneno yote.

Kesho yake, kaka akiwa ameshuka bandarini kununua samaki, nilimwomba baba kompyuta nikaanza kuitafuta hitilafu. Niliizima nikaiwasha. Nikahofia pengine kitufe cha herufi kubwa kimebonyezwa bila yeye kujua, hakikuwa kimebonyezwa. Vitufe vyenyewe vinakwama kwa chumvi ya hewa ya kwetu, nikavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa. Nikanakili faili nikaliweka mahali pengine, nikalifungua kutokea ndani ya programu yenyewe. Kidirisha kilekile, maandishi mekundu yaleyale. Baba alikuwa anachungulia begani kwangu. "Usihangaike," alisema. "Kaka yako fundi ameshindwa."

Mwisho nikakumbuka kitu tulichokuwa tunakifanya kazini. Programu za namna hii, kila unapozifunga, huweka nakala ya akiba pembeni. Nikalitafuta folda la akiba nikalipata, limejaa nakala, kila moja na tarehe yake. Nikaanza na ya juu kabisa, ya karibuni zaidi: inaomba senha. Ya chini yake: inaomba senha. Nikaendelea kushuka. Halafu nikafika kwenye moja ikafunguka papo hapo bila kuuliza kitu. Sabuni, nauli, mafuta ya taa, mchele, mstari kwa mstari, yote ya baba. Na za chini yake zote zilifunguka vilevile.

Nikaitazama tarehe ya ile nakala.

"Baba, siku hii ulikuwa unafanya nini?"

Akavuta miwani. "Siku hiyo sikuandika. Kaka yako ndiyo kwanza ameingia kutoka Nampula. Alisema kompyuta ina virusi, akakaa nayo chumbani kutwa nzima akiisafisha."

Alisema hivyo bila kuona alichokisema. Nikafunika kompyuta. Nikamsikia kaka amerudi uani, nikamwambia baba nakwenda kumsaidia kupara samaki.

Kaka alikuwa uani, amechutama juu ya beseni, magamba yamemrukia hadi kwenye ndevu. Nikamwambia kwamba nimeziona nakala za akiba. Hakuacha kupara.

"Nilidhani utaziona jana ileile," alisema. "Umekuwa mzito."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kadi ungemwomba angekupa. Kodi angekupa."

"Kadi nimeitaka lini mimi? Ameileta mwenyewe, ananililia niishike." Akatupa samaki kwenye maji safi, akachukua mwingine. "Wewe ulikuwa mdogo. Ulikuwa unakaa mlangoni unakula embe. Unakumbuka ile palmatória?"

Nilikumbuka. Ni kibao cha mbao chenye mpini, cha kuwachapia watoto viganja, baba alipewa na mwalimu rafiki yake. Jioni zote za utoto wa kaka alikaa nacho mezani, kaka amesimama mbele yake anataja saba mara nane, nane mara tisa. Mimi sikupigwa hata siku moja. Mtoto wa kike, baba alisema, hesabu zake atafundishwa na mumewe.

"Nikikosea alikuwa hanipi jibu," kaka alisema. "Ananiambia fikiri. Nafikiri mpaka mkojo unanitoka, naye ananiambia fikiri. Wageni wakija ananiita: njoo uwaambie wageni wewe ni nani. Nasema, *mimi ni burro*. Punda, kwa Kireno. Wageni wanacheka. Na wewe ulikuwa unacheka."

"Sasa ni mzee, kaka."

"Ndiyo. Anajua kufikiri. Namwacha afikiri."

Nikamwambia afungue faili, la sivyo nitamweleza baba kila kitu. Akasema nitamweleza hata akifungua, ananijua. Lakini alinawa mikono, akajifuta kwenye suruali, akaja nami barazani. Baba alikuwa amejinyoosha kwenye jamvi, anasinzia. Kaka akainama juu ya kompyuta, akaandika herufi tano taratibu, makusudi nizione: b, u, r, r, o. Kidirisha kikatoweka.

"Amejaribu majina ya watu wote anaowapenda," alininong'oneza. "Amejaribu la mama, amejaribu lako, kila siku narudi namwuliza. Hata la mbuzi tuliyekuwa naye zamani amelijaribu. Langu hajalijaribu. Angeliandika mara moja tu, hata kwa kubahatisha, ningemfungulia siku ileile."

Baba akaamka.

Nilimweleza. Nilimweleza wazi, kaka amesimama palepale ameegemea nguzo: kwamba hakuweka senha yoyote, hakusahau chochote, kichwa chake ni kizima, na neno lenyewe ni hili. Nilingoja alie, au amlaani kaka, au anikumbatie. Baba alinyanyuka akakaa, akavaa miwani, akalitazama faili lake lililofunguka. Kisha akamtazama kaka.

"Burro," alisema. "Umeweka burro. Mtu mwenye akili angeweka neno gumu zaidi." Akacheka, safari hii kicheko chake cha zamani, kizito, cha mtu mwenye meza na muhuri.

Nikaona kaka anafumba viganja vyake na kuvificha mgongoni. Mtu wa umri ule, mwenye mvi, kama mtoto anayengoja kibao.

"Baba," nilisema, "mbona hukujaribu jina lake?"

Baba akanishangaa kwa dhati. "Kwa nini ningeweka jina lake?"

Kaka akatoa kadi ya benki mfukoni, akaiweka kwenye jamvi kwa adabu, kwa mikono miwili, akarudi uani kwa samaki wake. Mchana tulikula sahani moja. Hapakuwa na kilichosemwa zaidi ya "nipitishie ndimu."

Niliifuta ile senha. Nilidhani kazi imekwisha, na baba atarudi kuwa karani. Lakini alasiri ile aliketi mbele ya faili lake lililo wazi, mikono juu ya mapaja, hagusi kitu. Akanionyesha mstari mmoja. "Hii niliandika mimi?"

Ilikuwa sanda ya mama. "Ni wewe, baba. Tulikuwa wote Pemba."

"Bei hii siikumbuki."

"Si lazima uikumbuke. Ndiyo maana uliiandika."

"Kama aliweza kuingiza neno," alisema, "ataweza kuingiza na hesabu." Akashuka mstari wa pili, wa tatu, akiniuliza kila mmoja. Mingine mimi mwenyewe nilikuwepo akinunua, nikaapa, na hakusadiki. Hakumwamini kaka, hakuniamini mimi, na kubwa zaidi, hakuiamini ile sehemu ya kichwa chake iliyokuwa imemwambia tangu mwanzo kwamba hakuweka senha. Kabla ya magharibi alifunika kompyuta na kunipa nirudi nayo Pemba.

Nilimwomba tuondoke wote. Alikataa, nyumba yake iko pale. Nilimwambia kaka atafute pa kwenda. "Wapi?" aliuliza, na kwa kweli sikuwa na pa kumtajia. Asubuhi ya kuondoka kaka alinibebea begi hadi kwenye gari. Njiani aliniuliza, "Ulidhani atakushukuru?" Nikamwambia ndiyo, nilidhani. Akaniambia pole, na nadhani alimaanisha.

Sasa baba amesahau kweli. Sijui kama ungekuja hata hivyo, ule usahaulifu, au kama ulifunzwa njia ukaizoea. Daktari niliyemuuliza alisema umri. Kaka hakuondoka. Anampikia uji, anamnyoa, anamtoa juani asubuhi na kumwingiza kivulini jua likipanda. Majirani wanamsifu hadi kwangu kwenye simu: wazee wachache wamejaliwa mtoto kama huyu. Mimi nawaambia ni kweli, maana ni kweli. Natuma hela kila mwezi, na kila mara najiambia kwamba yeye ndiye anayebeba ndoo.

Nilipokwenda mara ya mwisho nilimkuta kaka anamwosha. Amemkalisha kwenye kigoda uani, anamwagia kwa kopo, anamsugua mgongo kwa mkono uliozoea. Maji yakaisha, kaka akaingia jikoni na ndoo kuongeza mengine. Baba akanivuta kwa kidole niiname.

"Huyu anayeniosha," aliniuliza, "mnamlipa?"

"Ni mwanao, baba."

Akafikiri kidogo. "Aa. Basi mwambie maji ni ya baridi."

Kaka alikuwa mlangoni na ndoo, amesikia. Akageuka, akarudi jikoni na ile ndoo, nikamsikia anavunja kuni.