Kura Niliyopiga Dhidi ya Neno Moja

"Umemfanya nini baba yangu?"

Meseji hiyo iliingia saa nne asubuhi, pasi iko mkononi, shati la mteja mezani.

Aliyeituma alikuwa Sindano. Huyo alikuwa kwenye kundi letu la gemu kwa miezi kumi na minne, na muda wote huo hakuwahi kuandika hata herufi moja.

Baba yake nani? Niliisoma tena na tena hadi kola ikaanza kunuka moshi.

Ngoja nianze vizuri.

Mimi ni dobi. Nafanya kazi chumba cha nyuma, peke yangu, napiga pasi nguo za watu nisiowajua sura. Mbele yuko dada wa mapokezi, yeye ndiye anaongea na wateja. Mimi naitwa "yule wa pasi".

Nyumbani nina chumba kimoja na kiti kimoja. Cha pili nilikigawa mke wangu alipoondoka, maana kilikuwa kama kinanitazama.

Lakini kwenye gemu nilikuwa Kamanda.

Gemu yenyewe ni ya ngome. Mnaungana watu arobaini, mnavamia wenzenu, mnalindana, na mipango yote mnaipanga kwenye ukurasa wa maongezi. Ni watu wazima, wana kazi zao, ila nikiandika "vamia" wanavamia. Nani mwingine duniani alikuwa ananisikiliza?

Kati yetu alikuwepo mzee tuliyemwita Kobe, mpiga chapa mstaafu. Gemu hajui, ngome yake ilichomwa kila wiki. Ila kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, aliandika neno moja tu.

"Nimeamka."

Basi. Halafu kimya mpaka kesho.

Jumamosi moja mchana tukapigwa vibaya. Amri yangu ilikuwa imezama chini ya salamu za watu. Makamu wangu, Kiberiti, mlinzi wa geti asiyejua kunong'ona hata kwa maandishi, akawaka.

"Hapa ni vitani au kijiweni? Salamu na stori marufuku!"

Mama mmoja anayefundisha hesabu, sisi tunamwita Mwalimu, akamjibu palepale.

"Tumepigwa kwa sababu ulisinzia lindoni. Usizisingizie salamu."

Wakabishana siku tatu. Hadi wazazi wakatajwa. Mwishowe tukapiga kura: kumi na sita kwa kumi na sita, wengine wakanyamaza. Ikabaki yangu.

Nikapiga ya marufuku.

Leo nasema ukweli. Salamu hata sikuziwaza. Niliwaza tu kwamba watu wote wale walikuwa wanamsubiri yule wa pasi aamue. Nikaona raha, jamani.

Kesho yake asubuhi: "Nimeamka."

Nikampa onyo. Siku ya pili akaandika tena, onyo tena. Akanifuata pembeni.

"Kijana, ni neno moja tu. Linamkera nani?"

"Mzee wangu, sheria ni sheria."

Siku ya tatu nikamtoa kwenye kundi. Siku ya tano ndiyo nikapata ile meseji ya Sindano.

Nikamjibu kwamba baba yake simjui.

"Mimi ni binti yake Kobe," akaandika. "Hatujaongea tangu msiba wa mama, mwaka wa tatu huu. Nilimtamkia maneno mabaya mbele za watu. Shangazi aliponiambia anacheza gemu, nikajiunga. Anaishi peke yake. Lile neno ndilo lilikuwa linaniambia yuko hai. Sasa siku mbili silioni."

Nikakalia rundo la mashuka.

"Mpigie simu, dada yangu."

"Nimwambie nini? Mpigie wewe. Tafadhali, kaka."

Namba za simu tulikuwa tumeandikishana kwenye kundi. Nikapiga. Ikaita, ikaita, karibu ikatike.

"Ndiyo."

"Shikamoo mzee. Ni Kamanda."

"Marahaba. Umekuja kunifukuza na kwenye simu?"

Sijawahi kufurahi hivyo kutukanwa. Nikamwambia kuna mtu ana wasiwasi naye.

"Sindano," akasema.

"Ulikuwa unajua?"

"Jina hilo nilimpa mimi, akiwa na miaka sita. Alikuwa mwembamba, na akikuambia kitu kinachoma. Sasa wewe ulidhani nilikuwa nawaamkia nyinyi?"

"Mbona humwambii?"

"Nikimwambia najua, atakimbia. Na wewe usimwambie."

Nikarudi kwenye kundi nikaomba sheria ifutwe. Wakauliza sababu. Ningesemaje, siri za watu?

"Kamanda, hii sheria umeipitisha wewe mwenyewe," Kiberiti akaandika. "Aliyetolewa harudi kabla ya miezi mitatu. Hiyo nayo ni yako."

Tukapiga kura. Nikashindwa vibaya.

Kesho yake, saa kumi na mbili kamili asubuhi, nikamrudisha Kobe kwa mamlaka ya kiongozi. Nilijua nafanya nini.

Saa ilipofika, akaandika: "Nimeamka."

Kiberiti akaanza kukusanya kura za kuniondoa. Zikawa zinapanda: tano, kumi na moja, kumi na nane. Mwalimu alinitetea, ila sauti yake ilikuwa moja.

Katikati ya vurugu hiyo, mtu ambaye hakuwahi kuandika akaandika.

"Baba, dawa unakunywa?"

"Nakunywa," Kobe akajibu. "Wewe unakula?"

Nilitaka kusoma jibu lake. Badala yake kioo cha simu kikaniletea maandishi madogo: umeondolewa kwenye kundi.

Nikaenda kazini. Siku ile simu yangu haikulia, wala iliyofuata. Niliendelea kunyoosha mashati. Mara moja moja nilijikuta nimeandika "vamia" kwa kidole kwenye mvuke wa dirisha.

Mwezi wa pili tangu nitolewe ulipokuwa unaisha, Kobe akanipigia.

"Amekuja," akasema. "Ana siku nne hapa, tumeshagombana mara mbili. Anasema napika chumvi nyingi." Nyuma nikasikia mwanamke anacheka, na sufuria zinagongana.

Halafu mzee akauliza, "Na wewe kijana, huko uliko uko na nani?"

Nikamwambia pasi inaunguza nguo. Nikakata.

Pasi ilikuwa imezimwa.

Wewe unayeongoza kundi lolote, hata la watu watano, nisikilize. Kuna mambo ya mwenzako utayaona ya kipuuzi, na pengine ndiyo yanayomshikilia. Kabla hujanyoosha mkono kuyapiga marufuku, muulize ni ya nini. Mimi sikuuliza. Nilikuwa nafurahia kusubiriwa.