Safari ya Mumias kwa Ajili ya Kwato za Nyota

Uhuru ulikuwa bado mpya, na mimi nilikuwa na ng'ombe mmoja tu wa gredi, wale wa maziwa wa kizungu, Nyota, ambaye kwato zake zilikuwa zinaoza. Bwana mifugo alinionya kwamba akiendelea kusimama kwenye mavi nitampoteza. Lakini mama hakutaka zizi lisafishwe. "Watu wakipitanga hapa wataona nini? Watasema ng'ombe yetu imekufa." Kwetu, zizi lililojaa mavi ni heshima ya boma. Nikaamua kwenda Mumias kwa rafiki yangu Rajabu, aliyesifiwa kwa banda safi.

Alfajiri nilitoka Iguhu kwa baiskeli. Nilipopita Kakamega mvua ikanikuta, tope likajaa kwenye madigadi, na kwa kitambo kirefu ni mimi niliyeibeba baiskeli. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Adhuhuri nilifika. "Karibu, ndugu yangu!" alisema Rajabu. "Wageni wengine huja kuona watoto, wewe umekuja kuona mavi!"

Bandani nilifurahi kweli. Sakafu ilikuwa ya kokoto na udongo wa kichuguu, imeshindiliwa na kuinamishwa kidogo kuelekea mfereji wa upana wa koleo. Mkewe, Mwanaisha, alisukuma mavi kwa ubao wenye mpini, akayapakia kwenye wilbaro. Mkojo na maji vikateremka vyenyewe hadi kwenye migomba.

Wakati wa chakula nikawaeleza shida ya mama.

"Hayo mavi ulitaka kuyapeleka wapi?" akauliza Mwanaisha.

"Bondeni, nyuma ya nyumba."

"Ndiyo maana anakataa, shemeji. Lile rundo la mavi langoni kwetu uliliona?"

Nililiona. Kusema kweli, nililionea wivu hata kabla sijabisha hodi.

Kesho yake nilirudi nyumbani, na majirani wakanisaidia kushindilia sakafu. Mama alinuna mpaka nilipomwaga wilbaro ya kwanza kando ya lango. Akaja, akatazama rundo, akatazama barabara.

"Sogeza huku kidogo," akasema. "Hapo lilipo, wanaotoka kanisani hawataliona."

Nilikwenda kujifunza kuondoa mavi, nikarudi nimejua pa kuyaweka. Punde Nyota akawa anatembea bila kuchechemea, na asubuhi nikiamka nilikuta mama ameshaichukua wilbaro.